Sabu ya Tallinn

Jina lake tulilitamka vibaya kwa miaka sita. Pale kibandani Umoja, tulipokuwa tukilipa mbao kutazama mechi za Uingereza, wengine walimwita Gujonsoni, wengine Gudi, na jamaa aliyeandika ratiba ubaoni kwa chaki hakujisumbua: aliandika "Chelsea" akaacha hapo. Mimi na Baba tulimwita Barafu. Alitoka Iceland, na mbele ya goli hakuwa na papara. Januari 2003, alipojirusha angani na kuifunga Leeds kwa tikitaka, Baba alisimama juu ya benchi na kuwaziba watu wote wa nyuma. Alitukanwa vizuri sana usiku huo. Hakusikia hata neno moja.

Kumbe sisi ndio tulifaa kulitamka jina hilo sawasawa. Kwa ukamilifu ni Eiður Smári Guðjohnsen. Ile herufi ð, inayofanana na d iliyokatwa shingo, inatamkwa karibu kabisa na "dh" yetu ya dhahabu na dhambi. Mtoto yeyote wa Mombasa angeiweza bila kufunzwa. Watangazaji wa Kiingereza walishindwa, nasi tukawaiga wao.

Nimelisoma jina hilo sana miaka ya hivi karibuni, na kila nikilisoma narudi kwenye jioni moja ambayo sikuiona kwenye TV: tarehe 24 Aprili 1996, jijini Tallinn, Estonia. Watu wa mpira hupenda kuisimulia kama hadithi tamu. Mimi nadhani ni hadithi ya kitu kilichopotea. Nieleze.

Tuanze na jina lenyewe, maana ni la ajabu hata huko kwao. Iceland watu wengi hawana jina la ukoo. Mtoto huchukua jina la kwanza la mzazi, mara nyingi baba, kisha huongezewa "-son" akiwa mvulana au "-dóttir" akiwa msichana. Ni mambo tunayoyajua: bin na binti za Pwani, arap ya Wakalenjin. Kwa mpango huo, baba na mwana hawana jina moja la mwisho. Eiður, mtoto wa Arnór, angekuwa Arnórsson, na watoto wake wangekuwa Eiðsson.

Lakini zipo familia chache zilizokuwa na majina ya ukoo kabla ya sheria ya mwaka 1925, ambayo ilipiga marufuku kujitungia mapya. Waliokuwa nayo waliruhusiwa kubaki nayo. Guðjohnsen ni mojawapo. Kwa hivyo katika nchi ambayo jina huishia kwa mtoto na kuanza upya, hili moja limeshuka kutoka jezi hadi jezi bila kubadilika.

Wa kwanza kulifanya maarufu uwanjani alikuwa baba. Arnór Guðjohnsen alizaliwa Julai 1961. Mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 17, aliondoka Reykjavík kwenda kucheza mpira wa kulipwa Ubelgiji, katika klabu ya Lokeren. Mwaka huohuo, tarehe 15 Septemba, mwanawe Eiður alizaliwa. Piga hesabu polepole. Kijana wa miaka 17, nchi ya kigeni, mkataba mpya, na tayari ni baba ya mtu. Umri huo mimi nilikuwa naombwa nitoe takataka na nasahau.

Arnór hakusahau kazi yake. Mwaka 1983 alihamia Anderlecht, klabu kubwa ya Brussels, na akashinda ligi ya Ubelgiji mara tatu mfululizo: 1985, 1986 na 1987. Msimu huo wa mwisho alikuwa mfungaji bora wa ligi nzima kwa magoli 19. Baadaye alicheza Bordeaux, Ufaransa, kisha akaenda Sweden. Mwaka 1991 aliifunga Uturuki magoli manne peke yake katika mechi moja ya timu ya taifa.

Ila kuna penalti moja. Mei 1984, fainali ya Kombe la UEFA, mechi ya marudiano kwenye uwanja wa White Hart Lane, London. Anderlecht na Tottenham walikuwa wametoka sare ya 1-1 nyumbani na ugenini. Ikaja mikwaju. Arnór, aliyekuwa ameingia kama sabu, alipiga ule wa mwisho, akijua kwamba akikosa kombe limeenda. Kipa Tony Parks akaruka upande wake wa kulia na kuupangua. Uwanja ukalipuka, na katikati ya furaha ile ya watu wengine alikuwa mtu wa miaka 22 mwenye mtoto wa miaka mitano.

Yule mtoto alikua haraka. Akiwa na miaka 16 tayari alikuwa anafunga magoli katika timu ya wakubwa ya Valur, Reykjavík, na PSV ya Uholanzi ikamchukua. Huko aliwakuta wachezaji wengi, mmoja wao kijana Mbrazili aitwaye Ronaldo. Eiður alionekana ataenda mbali, na kwa mara ya kwanza Iceland ikawa na jambo ambalo mataifa makubwa hayakuwa nalo: baba ambaye bado anacheza, na mwana ambaye ameshaiva.

Ndipo tunafika Tallinn.

Ilikuwa mechi ya kirafiki, Estonia dhidi ya Iceland. Baba na mwana waliitwa wote wawili. Arnór alikuwa na miaka 34, Eiður 17, yaani umri wa baba ulikuwa mara mbili kamili ya umri wa mwana. Arnór alianza. Eiður alikaa benchi. Kipindi cha pili Eiður aliitwa avue tracksuit, na aliyetoka kumpisha alikuwa baba yake. Wakapishana kwenye mstari, mmoja akitoka, mwingine akiingia. Iceland ilishinda 3-0. Picha ya tukio hilo imezunguka dunia, na kila baada ya miaka kadhaa mtu huiposti tena na watu huweka emoji za kulia.

Kwa nini sabu? Kama wote wawili walikuwa pale, na mechi ilikuwa ya kirafiki isiyo na pointi, mbona wasicheze pamoja hata dakika kumi?

Jibu ndilo linaloniuma. Chama cha soka cha Iceland kilikuwa na mpango mzuri zaidi. Iceland ilikuwa na mechi nyumbani baada ya wiki chache, ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Macedonia. Mkubwa wa chama alitaka baba na mwana wacheze pamoja kwa mara ya kwanza pale Reykjavík, mbele ya watu wao, uwanja umejaa. Si Tallinn, mbele ya watu wa Estonia ambao jambo hilo haliwahusu. Kwa hivyo ilikubaliwa: leo mpishane tu, tamu yenyewe tunaiwekea nyumbani.

Haikuwa roho mbaya, lazima niseme. Ukiangalia, ilikuwa ni heshima. Ni kama mama anayeweka vikombe vizuri kabatini akingoja wageni.

Kabla ya mechi hiyo ya nyumbani, Eiður aliichezea timu ya taifa ya vijana dhidi ya Ireland. Akavunjika kifundo cha mguu. Vibaya. Alikaa nje karibu miaka miwili. PSV haikumngoja milele, na Eiður akarudi kwao Iceland kujijenga upya katika klabu ya KR. Arnór naye hakuweza kusimamisha saa. Mwaka 1997 aliichezea Iceland mechi yake ya mwisho, akiwa na mechi 73 na magoli 14. Eiður aliporudi timu ya taifa mwaka 1999, nafasi ya baba yake ilikuwa tupu.

Hawakucheza pamoja hata dakika moja. Arnór amesema miaka mingi baadaye kwamba hilo ndilo jambo analolijutia kuliko yote, na kwamba anajua mwanawe anajisikia vivyo hivyo. Mtu aliyekosa penalti ya fainali ya Ulaya, na si hiyo anayoitaja kwanza.

Sasa niseme kwa nini hili linanihusu.

Baba yangu alikuwa beki. Si wa klabu yoyote utakayoijua. Kila Jumapili asubuhi, wazee wa mtaa walicheza kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya soko, wakiwa na matumbo yao na jezi zisizofanana. Mimi niliwabebea maji. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka 16 na kimo changu kilikuwa kimempita Baba. Jumapili moja ya Novemba mtu wao hakutokea. Walikuwa kumi. Nahodha wao akanitazama, akasema, "Si huyu kijana aingie?"

Nilishaanza kuvua sweta. Baba akatikisa kichwa. "Hapana, si leo. Kiwanja ni matope tupu. Ngoja Boxing Day tuko ushago. Mama yako na dada zako watakuwepo, watu watakuwa wengi. Utacheza mbele yangu, mimi nitakulinda nyuma." Alisema kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi. Nikavaa sweta yangu. Wakacheza kumi, wakafungwa.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, akishuka kwenye matatu iliyokuwa bado inatembea, goti la kulia lilimgeuka. Tulilisikia neno "ligamenti" kwa mara ya kwanza siku hiyo. Boxing Day alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, mguu juu ya stuli, na mimi nikacheza na mabinamu. Nilifunga goli moja. Nilipogeuka kumtafuta alikuwa anapiga makofi, lakini uso wake ulikuwa umeangalia mguu.

Hakucheza tena. Na hatukuwahi kulizungumza, maana wanaume wa kwetu wana uwezo wa kuzungumzia mpira saa sita bila kusema kitu.

Kwa hivyo mimi nikibonyeza video ya Tallinn, silii kwa sababu wengine wanalia. Naona mtu akiambiwa angoje. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nadhani walifikiria njaa. Hii ni aina nyingine. Unangojeshwa na mtu anayekupenda, anayetaka tu siku iwe nzuri zaidi.

Turudi kwa Eiður, maana hadithi yake haikuishia kwenye kifundo cha mguu.

Mwaka 1998 Bolton, iliyokuwa daraja la pili Uingereza, ilimpa nafasi. Miaka miwili baadaye Chelsea ikalipa pauni milioni 4. Msimu wa 2001-02, yeye na Jimmy Floyd Hasselbaink walifunga magoli 52 kati yao katika mashindano yote. Pesa za Roman Abramovich zilipoingia mwaka 2003 tulijua Barafu ataondolewa, maana kila mwezi alinunuliwa straika mpya. Hakuondoka. Drogba alipokuja 2004, Eiður alirudi nyuma kidogo, akawa yule anayetoa pasi ya mwisho, na Chelsea ikachukua ligi mara mbili, 2005 na 2006. Aliondoka akiwa na magoli 78 katika mechi 263.

Majira hayohayo ya 2006 alienda Barcelona, kwa Ronaldinho, Eto'o na dogo mmoja aitwaye Messi. Mei 2009 Barcelona ilishinda Ligi ya Mabingwa jijini Roma. Eiður alikuwa benchi mchezo mzima, lakini medali ni medali: Mwaislandi wa kwanza kuipata. Mkenya ataelewa vizuri, kwa sababu mwaka uliofuata McDonald Mariga wetu aliipata akiwa na Inter, naye akiwa benchi siku ya fainali. Na Mariga pia ni wa nyumba ya mpira. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na mdogo wake Victor alikuja kuwa nahodha wa Harambee Stars. Hao ndugu wawili walicheza pamoja timu ya taifa. Hakuna aliyewaambia wangoje.

Baada ya Barcelona, Eiður akawa msafiri. Monaco. Kisha Januari 2010, kwa mkopo, Tottenham, White Hart Lane ileile ambapo penalti ya baba yake ilipanguliwa. Stoke, Fulham, AEK ya Athens alikovunjika mguu mwaka 2011. Watu wengi wangeacha hapo. Yeye akaenda Ubelgiji, nchi ya utoto wake, akacheza Cercle Brugge na Club Brugge. Bolton tena. Uchina. Norway.

Novemba 2013 Iceland ilifungwa na Croatia 2-0 jijini Zagreb na kukosa Kombe la Dunia katika hatua ya mwisho kabisa. Eiður alihojiwa uwanjani akasema huenda hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho ya taifa, akabubujikwa na machozi mbele ya kamera. Machi 2015 alirudi, akiwa na miaka 36, na akafunga dhidi ya Kazakhstan. Lilikuwa la 25 kwa nchi yake, na mwishowe alifikisha 26, idadi ambayo kwa miaka mingi hakuna Mwaislandi aliyeivuka.

Mwaka 2016 Iceland, nchi ya watu kama 330,000, walifika Euro kwa mara ya kwanza. Wakaitoa Uingereza 2-1 jijini Nice. Robo fainali, Ufaransa ikawachapa 5-2, na mechi ikiwa imeshaisha kwa maana zote, Eiður aliingia kama sabu. Nahodha Aron Gunnarsson akavua kitambaa chake cha unahodha na kumpa. Alianza kama sabu mwaka 1996, akamaliza kama sabu mwaka 2016. Mechi 88.

Ningeweza kuacha hapo, lakini familia hii haijui kuacha.

Eiður ana wana watatu wanaocheza mpira: Sveinn Aron, Andri Lucas na Daníel Tristan. Mwishoni mwa 2020 yeye mwenyewe aliteuliwa kocha msaidizi wa timu ya taifa. Mwaka uliofuata soka la Iceland liliingia kwenye dhoruba. Viongozi wa chama walijiuzulu kwa jinsi kilivyoshughulikia tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wachezaji, na majina kadhaa makubwa yakakosekana kikosini. Vijana wakaitwa mapema, wakiwemo Sveinn Aron na Andri Lucas.

Tarehe 11 Oktoba 2021, Reykjavík, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Liechtenstein. Ndugu hao wawili walikuwa uwanjani kwa wakati mmoja, wote wakiwa wameingia kama sabu. Mwishoni mwa mchezo Sveinn Aron akaupeleka mpira kwa Andri Lucas, na Andri Lucas akafunga. Guðjohnsen kwa Guðjohnsen. Ilikuwa 4-0, goli lisilobadilisha chochote kwenye jedwali. Baba yao alikuwa palepale kwenye benchi la ufundi.

Uwanja ulikuwa wa nyumbani, na mechi ilikuwa ya kufuzu Kombe la Dunia, kama ile aliyowekewa yeye mwaka 1996. Sitaki kusema deni lililipwa. Lile la Arnór na Eiður halilipiki, dakika zile hazipo tena popote. Lakini naona kuna mtu safari hii aliwaangalia watoto wawili benchini na hakusema tungoje mechi kubwa. Liechtenstein ilitosha.

Mwaka jana nilimtumia Baba video ya Tallinn kwa WhatsApp. Siku hizi anaishi ushago, amestaafu. Niliandika chini yake maelezo marefu, karibu yote niliyowaandikia hapa. Tiki zikageuka bluu. Siku mbili kimya.

Siku ya tatu ukaja ujumbe wa sauti. Kwanza kukohoa, halafu jogoo, halafu yeye: "Kijana, nimeona. Huyo mkubwa wao ni mimi kabisa." Akanyamaza. Nikamsikia Mama kwa mbali akimuuliza anaongea na nani. "Jumamosi unakuja? Kuja na mpira."

Nilifika Jumamosi saa nane, mvua ikiwa imenyesha. Uwanja wa mbele ya nyumba ulikuwa matope tupu. Hakuna aliyekuwa anatazama, isipokuwa kuku. Baba alisimama karibu na tangi la maji, fimbo mkono mmoja, gambuti miguuni. Nikampasia taratibu. Akaurudisha kwa mguu wa kushoto, ule mzima.